Mwamba-Ngoma, Mti wa Wakati wa Kiangazi

Mtu aingiaye Morogoro katika mwezi wa Septemba, akitoka upande wa pwani, huiona kwanza milima ya Uluguru imesimama nyuma ya mji kama ukuta. Kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya meta 2,100, aghalabu kimefunikwa na ukungu, na misitu iliyoko juu ni mibichi mwaka mzima. Lakini huku chini, mlima unapokutana na tambarare, mambo ni mengine. Mvua za masika zimekwisha zamani, na za vuli bado hazijanyesha. Nyasi zimekauka, nyingine zimeungua kwa moto, na miti mingi imepukutisha majani yake. Katika ukame huo msafiri huona mti mmoja usio na jani hata moja, wenye gome zito lililopasuka-pasuka kama mgongo wa mamba, nao umejaa maua mekundu tangu matawi ya chini hata ya juu. Akiwa mgeni atadhani ni mti mkavu ulioshika moto. Akisogea karibu atasikia kelele, maana ndege wamejaa humo nao wanagombana.

Mti huo huitwa mwamba-ngoma. Kuwamba ngoma ni kuivika ngozi na kuivuta mpaka ikaze, na wazee walipotaka kumsema mtu apendaye kujifaidia nafsi yake walisema, "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake." Mti umepata jina hilo kwa kuwa shina lake ni jepesi na laini, na fundi aweza kulitoboa ndani bila taabu nyingi. Watu huchonga ngoma kwa mti huo, na mizinga ya nyuki, na vinu, na viti vidogo. Wataalamu wa mimea huuita Erythrina abyssinica. Neno la kwanza latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wekundu, na la pili ni jina la kale la nchi ya Uhabeshi. Tangu Uhabeshi mpaka Msumbiji na Zimbabwe mti huu huota wenyewe porini, hakuna aliyeuleta kutoka ng'ambo. Basi ni mwenyeji.

Si vivyo hivyo kwa miti mingi ipandwayo mijini. Mkrismasi, ambao maua yake hupendeza sana mwezi wa Desemba, asili yake ni Bukini. Mjakaranda wenye maua ya zambarau ulitoka Marekani ya Kusini, na mwarobaini ulitoka Bara Hindi. Miti hiyo ina manufaa yake, tena kivuli chake ni kizuri, wala haifai kuilaumu kwa kuwa ni migeni. Lakini mti wa kigeni haukukua pamoja na ndege na wadudu wa nchi hii. Mwamba-ngoma umekaa nao miaka maelfu, na ua lake ladhihirisha jambo hilo.

Mwanafunzi atakaye kujua, na alichukue ua moja mkononi alitazame. Maua hukaa mengi pamoja katika kikonyo kimoja kinene kilichosimama wima kwenye ncha ya tawi. Kila ua lina jani moja kubwa jekundu lililokunjwa, na chini yake mna maji matamu. Harufu yake si ya kusifiwa. Na kwa nini liwe na harufu? Ua la kumwita nondo usiku lahitaji harufu, bali ua la kumwita ndege mchana lahitaji rangi, kwa kuwa ndege huona vizuri sana na rangi nyekundu huitambua kwa mbali. Kikonyo kile kinene nacho kina kazi yake, ndicho kiti cha mgeni. Ndege aitwaye chozi hushika hapo kwa miguu, akainama, akaingiza mdomo wake mwembamba uliopinda, akanywa. Anapokunywa, unga wa manjano wa ua, yaani chavua, humshika usoni, naye huuchukua mpaka ua jingine. Hivyo mti hupata mbegu, na ndege hupata chakula.

Katika Marekani kuna miti mingine ya ukoo huu huu wa mwamba-ngoma. Huko hakuna chozi. Kuna ndege wengine, wadogo sana, ambao hunywa huku wakipiga mabawa hewani bila kutua. Maua ya miti mingi ya huko yamekuwa marefu na membamba kama mirija, yanaelekea nje, wala hayana haja ya kumpa ndege mahali pa kusimama. Ukoo ni mmoja, lakini kila mti umejifunza desturi za wageni wake.

Chozi ajulikanaye zaidi katika bustani za Morogoro ni yule ambaye dume lake ni jeusi lenye kifua chekundu cha kung'aa, na paji la uso la kijani. Jike ni la rangi ya udongo, na watoto wengi hudhani ni ndege wa namna nyingine kabisa. Jike ndilo lenye kazi kubwa. Hulijenga tundu kwa nyuzi za majani, na manyoya, na utando wa buibui, likaning'inia kwenye tawi kama mfuko, na mlango wake uko ubavuni. Tena makinda hayakui kwa maji matamu tu. Mama huyaletea wadudu wadogo na buibui siku nzima. Kwa hiyo mtu anyunyiziaye sumu kila mdudu aliyemo bustanini, kisha akangojea ndege wamwimbie, amejidanganya mwenyewe.

Wengine nao huja kwenye mti huo. Nyuki huja mapema asubuhi, na kwera, na ndege wengine ambao hawana mdomo mrefu, nao huyararua maua wayanywe kwa nguvu. Matawi yaliyokufa huwa laini, na kigogota hutafuta humo mabuu ya wadudu. Sababu ya msongamano huo ni wakati. Mti huu hutoa maua yake mwishoni mwa kiangazi, miti mingi ilipokwisha kufunga mlango. Ua moja la Septemba lina thamani kuliko maua kumi ya Aprili, kama vile kibaba cha unga wakati wa njaa kisivyo sawa na kibaba wakati wa mavuno.

Basi, huupandaje? Njia ziko mbili.

Njia ya kwanza ni ya mbegu. Baada ya maua mti hufanya maganda yenye nywele za rangi ya kahawia, yaliyobanwa kati ya mbegu na mbegu kama mkufu. Likikauka, ganda hupasuka na kuonyesha mbegu nyekundu zing'aazo, zenye doa jeusi upande mmoja. Hufanana na mbegu za mturituri, lakini ni kubwa zaidi. Hapa yapasa kusema wazi. Mbegu hizo ni nzuri kwa kutungwa shanga, na watu wamezitunga tangu zamani, lakini ndani yake mna sumu ilegezayo misuli ya mwili. Ganda gumu la mbegu huifunga sumu hiyo. Mbegu ikisagwa au ikitafunwa, sumu hutoka. Mtoto mdogo asiachiwe kuzichezea peke yake, wala mtu asizitie kinywani kwa mzaha. Mtu akizitafuna apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja kuona kama ataumwa.

Mbegu ziokotwe mapema, maana wadudu hupenda kuzitoboa. Kila moja itazamwe. Yenye kitundu itupwe. Kisha zilowekwe katika maji ya baridi usiku kucha, na asubuhi zipandwe katika kitalu au katika makopo yaliyotobolewa chini, kina cha pingili moja ya kidole. Udongo uwe na mchanga kidogo, usituamishe maji. Mche ukichomoza utakuwa na majani matatu-matatu katika kila kikonyo, kama kunde. Jambo hilo si la bahati tu, kwa kuwa mwamba-ngoma ni wa jamii ya kunde kweli. Katika mizizi yake mna vinundu, na ndani ya vinundu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuifanya mbolea. Kwa sababu hiyo mti huu haunyang'anyi shamba nguvu zake kama miti mingine ifanyavyo, na majani yake yaangukapo hurutubisha ardhi.

Njia ya pili ni ya tawi, nayo ndiyo waipendayo wakulima wengi wanaotaka boma la mti hai. Mwanzoni mwa mvua hukatwa tawi lililokomaa, nene kama mkono wa mtu mzima, na urefu wake upate kadiri ya kimo cha mtoto. Tawi lisipandwe siku ile ile. Huwekwa kivulini siku chache mpaka jeraha la chini likauke, kwani likizikwa bichi huoza. Kisha huchimbwa shimo, tawi likasimamishwa, udongo ukashindiliwa kwa mguu. Makosa mawili ni ya kawaida. La kwanza ni kulipanda tawi juu chini, nalo hufanywa hata na watu wazima; heri kulitia alama kabla ya kulikata. La pili ni kulitikisa kila siku ili kuona kama limeshika. Mizizi michanga hukatika, na tawi hufa kwa upendo wa mwenyewe.

Mti uliopandwa kwa tawi huweza kutoa maua mapema kuliko ule wa mbegu. Wa mbegu hauna haraka, na mtoto aupandaye akiwa darasa la tano huenda atamaliza shule kabla ya kuona ua la kwanza. Lakini hukua na mzizi ulionyooka kwenda chini, na akiwa na nafasi ya kungoja atapendelea huu.

Mahali pa kuupanda pafikiriwe vema. Mti huu wapenda jua, hauvumilii kivuli cha mwembe. Matawi yake yana miiba, na hata vikonyo vya majani huwa na miiba, kwa hiyo usipandwe kando ya njia wapitapo watu wenye miguu mitupu. Kwa kuwa ni laini, tawi huweza kuvunjika kwa upepo. Usisimame karibu na paa. Hatua kumi kutoka nyumbani zatosha. Mwaka wa kwanza uzungushiwe miiba mikavu, kwani mbuzi huyapenda majani mapya, na wakati wa jua kali umwagiwe kopo la maji jioni mara mbili kwa juma. Baadaye hauhitaji kitu. Gome lake nene, laini kama kizibo cha chupa, huukinga hata moto wa nyasi upitapo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya bustani havilitaji, nalo katika Uluguru ni kubwa kuliko jembe na maji. Katika milima hiyo mashamba mengi yamekuwa mali ya ukoo, na kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mahindi na maharage huvunwa na kwisha, lakini mti hukaa. Apandaye mti wa kudumu aweza kuonekana kana kwamba anaweka alama ya kuidai ardhi. Ugomvi wa namna hiyo umeanza mara nyingi kwa mche mmoja. Basi mtoto mwenye adabu hapandi kwanza akauliza baadaye. Huenda kwa mjomba wake, humwamkia, "Shikamoo, mjomba," na akiisha kuitikiwa "Marahaba," hukaa chini na kusema shauri lake.

Mjomba aweza kumjibu, "Mti wa miiba wa nini? Hauzai tunda. Afadhali upande mchungwa."

Hapo mtoto asinyamaze. Aweza kusema kwa upole, "Mchungwa nitaupanda pia, mjomba, karibu na kisima. Huu nauomba pale mpakani, kwenye mteremko, ambapo mvua ya mwaka jana ilichukua udongo. Mizizi yake itaushika, na kuni tutakata matawi yake tusiukate shina. Na mizinga yako itapata maua wakati wa kiangazi."

Mjomba akisikia neno la mizinga, huenda atakuna kidevu. Mtu afugaye nyuki ajua jinsi kiangazi kilivyo kirefu. Akikataa, basi amekataa, na tawi litapandwa katika uwanja wa shule, ambao hauna mjomba.

Katika uwanja huo kazi ngumu si kupanda, bali ni kuacha. Desturi ya kufagia kila jani mpaka ardhi ibaki tupu na nyekundu ni desturi ya usafi, nayo yafaa mlangoni, kwa sababu nyoka huonekana. Lakini chini ya mti, hatua chache pande zote, majani na yaachwe. Ndimo waliomo wadudu wanaolisha makinda, na ndimo ardhi inapopata kivuli. Utando wa buibui usiondolewe kwenye matawi, maana ndiyo kamba ya tundu la chozi. Sahani ya udongo yenye maji, isiyozidi kina cha kidole, huwavuta ndege wengi kuliko punje zo zote. Ibadilishwe maji kila siku, la sivyo mbu watazaa humo. Na mtu aliyezoea kuchoma takataka pembeni ya uwanja hana budi kutafuta shimo.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba bustani yaweza kutenda yote. Juu katika misitu ya Uluguru kuna chozi mwingine, ambaye haonekani mahali pengine po pote duniani ila katika milima hiyo. Dume lake ni la kijani king'aacho kichwani na mgongoni, na tumbo lake ni la manjano. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1922, wakampa jina la Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa akikusanya wanyama na ndege nchini Tanganyika miaka ile. Miaka mitano baadaye, yaani 1927, waliandika ndege mwingine wa Uluguru, mkubwa kidogo, mweusi kichwani, mwenye mgongo wa kijani na tumbo la manjano, aishiye katika vilele vya miti mirefu ya sehemu ya kaskazini tu. Ndege hawa ni wa msitu. Mtu akipanda mwamba-ngoma mia mjini, yule wa vilele vya miti mirefu hatashuka. Huyo hutaka msitu wenyewe.

Na msitu wenyewe umepungua. Zamani msitu wa Uluguru Kaskazini na wa Kusini ulikuwa mmoja. Watu wakalima katika Bunduki, katikati, na leo kuna pengo la mashamba kati ya pande hizo mbili. Mwaka 2008 serikali iliufanya msitu uliosalia kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Hayo si kwa ajili ya ndege tu. Mto Ruvu hupata maji yake mengi katika milima hiyo, nao ndio uwanyweshao watu wa Dar es Salaam, ambao wengi wao hawajapata kuuona mlima wenyewe.

Basi kazi ya mwamba-ngoma wa bustanini ni ndogo, nayo yafaa ijulikane ilivyo. Huwalisha ndege na nyuki wa kawaida, wale wa mabondeni na mijini, ambao uwanda wao nao umefyekwa kwa mashamba na nyumba. Hushika udongo wa mteremko mmoja. Na mti mmoja mwenye kuni ukiwa karibu na nyumba, tawi moja zaidi huachwa mlimani.

Katika mwaka wa nne au wa tano, mwishoni mwa Agosti, majani ya mti huanza kuwa manjano na kuanguka. Hapo wengi huingiwa na hofu. Mpishi hutazama shina akiwaza kuni, na fundi hugonga kwa vidole akiwaza kinu. Atakayeuokoa ni yule mtoto aliyeupanda, akikwangua gome kwa ukucha na kuwaonyesha kwamba chini yake ni kijani bado. Baada ya siku chache ncha za matawi huvimba, zikatoa machipukizi ya rangi ya kahawia, laini kama sikio la paka. Kisha asubuhi moja, kabla ya kengele ya shule, ncha moja huwa imefunguka. Maua yenyewe huenda ni matatu tu. Naye chozi mweusi mwenye kifua chekundu, aliyetoka asikojua mtu, amekwisha kukaa kwenye kikonyo, ameinama, anakunywa.